Kichupa Ambacho Hutakikuta Sandukuni

Mwanangu Veneranda,

Uchafu, kwa Kiswahili cha zahanati, ni majimaji yoyote yatokayo katika njia ya uzazi ya mwanamke. Maana yake ni hiyo tu. Neno halisemi kama majimaji hayo ni mazito au mepesi, kama yana harufu au hayana, kama yameanza juzi au yamekuwapo tangu msichana alipovunja ungo. Halitenganishi afya na ugonjwa. Kwa hiyo si jina la ugonjwa wowote. Ni neno tunalolitumia pale ambapo hatujaangalia. Nimelitumia kwa muda wote niliovaa koti jeupe, na juma lililopita nililisikia likinirudia kutoka kinywani mwako, kupitia kwa mama yako.

Ulimtuma aniombe kichupa cha vipunje vya zambarau, vile tunavyoviyeyusha katika maji ya kuoshea vidonda. Ulimwambia kwamba una uchafu, na kwamba hutaki kufika nao kwa wakwe zako Nyantakara, usije ukaaibika mbele ya watu wa Simeoni. Mama yako alinifikishia maneno hayo huku akichambua maharage, macho yake yakiwa katika ungo, kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. Nikamjibu kwamba nitakiweka sandukuni. Sikukiweka. Utakapofungua sanduku kwa mumeo utakuta kanga, blanketi, sufuria mbili na barua hii mahali ambapo kichupa kingekaa. Nataka ujue sababu, usije ukadhani kwamba nimesahau, au kwamba nimekunyima kwa ukali.

Si kazi ya baba kumwandikia binti yake mambo haya. Huku kwetu ni kazi ya shangazi: hukaa na bibi harusi katika chumba cha ndani, wanawake wengine wakiimba nje ili maneno yasisikike. Shangazi yako Skolastika, dada yangu pekee, alipelekewa habari huko Kibimba tangu mwezi uliopita. Akajibu kwamba hatakuja, kwa sababu mwanamke aliyerudishwa kwao na mumewe hawezi kumfunda bibi harusi. Wewe ulinuna, ukasema shangazi ana kiburi. Hana kiburi. Alirudishwa kwa ajili ya neno lile lile uliloniletea, na aliyelitamka wa kwanza ni mimi. Kwa hiyo kazi yake imeniangukia, na nitaifanya kwa namna ninayoijua, yaani kwa kueleza kitu kimoja baada ya kingine.

Ulikuwa mdogo tulipohamishwa kutoka kwenye migomba ya babu yako huko mlimani na kuletwa hapa kando ya barabara. Unakumbuka lori, na paka wako aliyeruka akarudi. Hukumbuki, nadhani, jinsi zahanati ilivyokuwa mwanzoni: kuta za udongo ambazo hazijakauka, bati jipya, meza moja, na mlango ambao fundi hakuwa ameuletea ubao. Palitundikwa gunia. Kila kilichosemwa ndani kilisikika kwa waliokaa kwenye benchi nje.

Skolastika alikuja akiwa na mumewe, Bonifasi. Bonifasi alibaki kwenye benchi. Dada yangu aliketi mbele yangu, akasema kwa Kihangaza, kwa sauti ndogo, kwamba *amazi* yake yamezidi. Amazi ni maji tu. Ndivyo wanawake wetu walivyoyaita siku zote, bila kuongeza sifa wala lawama. Kisha akauliza, "Kaka, ni kawaida tu, au ndiyo yanayonizuia kupata mtoto?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa katika meza ile. Lilikuwa na sehemu mbili, na kila sehemu ilikuwa na njia yake ya kuchunguzwa. Sikuchunguza hata moja. Mimi mwenyewe nisingeweza kumwangalia, kwa kuwa ni dada yangu. Lakini Mama Felista, mkunga wetu, alikuwa chumba cha pili akipima watoto uzito, na ningeweza kumwita. Sikumwita, kwa sababu sikutaka ajue kwamba dada wa mganga ana tatizo la aina hiyo. Na juu ya hayo sikuweza kulizungumza jambo lile kwa Kihangaza, lugha ambayo yeye na mimi tuliitumia kugombania viazi vilivyofukiwa katika majivu. Nilikuwa na lugha nyingine, iliyokuja na vitabu na mshahara, ambayo ndani yake sikuwa kaka wa mtu yeyote. Nikaivaa kama nilivyokuwa nikivaa glavu.

"Una uchafu," nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kazini. "Utakuwa unajisafisha ndani kwa dawa hii, asubuhi na jioni."

Gunia la mlangoni likasogea. "Shemeji," Bonifasi aliita kutoka nje, "umesema ana nini?"

"Hayo ni mambo ya matibabu, shemeji."

"Nimesikia uchafu. Ni uchafu gani?"

"Ni neno la kitaalamu."

"Ajabu," alisema, na watu wa kwenye benchi wakacheka. "Mimi niliyeishia darasa la pili nimelielewa lote."

Dada yangu alichukua kichupa, akakifunga katika ncha ya kanga, akapita mbele ya wale waliokuwa wakicheka.

Yaliyofuata niliyajua kidogo kidogo, na mengine nimeyajua leo. Bonifasi alilipeleka neno kwa mama yake, naye hakuhitaji maelezo. Mama mkwe akamtengea Skolastika ndoo yake ya kuogea, kisha kigoda chake, kisha akaanza kumsikiliza anapoamka alfajiri ili ahakikishe kwamba ameoga. Dada yangu alijiosha kama nilivyomwagiza. Vipunje vilipokwisha alitumia sabuni ya mche. Sabuni ilipokosekana alichemsha majani aliyopewa na mama mkwe. Baada ya muda ikaanza harufu ambayo haikuwapo kabla, harufu kama ya dagaa walionyeshewa. Akarudi kwangu. Nikampa kichupa kingine na kumwambia akoleze maji zaidi. Nilidhani dawa imeshindwa kwa kuwa ilikuwa kidogo. Ni kosa la kawaida la watu wa kazi yetu: mambo yakiharibika, tunaongeza kile kile.

Mara ya tatu hakuja zahanati. Alikuja nyumbani, na sanduku lake likiwa kichwani.

Sasa nieleze nilichojifunza baadaye, kwa kuwa bila hicho utadhani ninazungumza kwa majuto tu, na majuto si hoja.

Vita vilipoanza na malori yakawa yanapita usiku na mchana kwenda kaskazini, niliazimwa na hospitali moja ya misheni upande wa Biharamulo. Unakumbuka kwamba sikuwapo nyumbani. Mgambo na askari walipoanza kurejea, kisonono kilirejea pamoja nao, na kazi yangu ikawa kuchukua majimaji ya wagonjwa, kuyapaka kwenye kioo na kuyaangalia katika hadubini. Sista aliyesimamia maabara alikuwa Mhaya, mfupi, mwenye ulimi mkali. Siku ya kwanza aliniona nikisitasita mbele ya chombo kile. "Mganga," aliniambia, "inama. Haking'ati."

Nikainama. Kwa wanaume wengi niliona nilichotarajia, wale vijidudu wawili wawili kama mbegu za kahawa zilizotazamana. Kwa wanawake mambo yalikuwa tofauti. Mwanamke asiye na malalamiko, aliyekuja kwa sababu tu mumewe ameambukizwa, hakuwa na kioo kitupu. Chembe za ngozi yake ya ndani zilikuwa pana, zenye kingo safi, na kati yake vilikuwapo vijiti virefu, vingi, vimelala kama kuni zilizomwagika. Nilimwita Sista, nikamwambia nimepata ugonjwa nisioujua.

"Huyo ni mzima," alisema. "Hao ni wenyeji."

Kisha akaniwekea kioo cha mwanamke mwingine, mwenye harufu ile ya dagaa. Vijiti havikuwapo. Chembe zilikuwa zimefunikwa na nukta nyingi mno hata kingo zake hazikuonekana, kama kipande cha muhogo kilichoanguka mchangani kikiwa bado kibichi.

"Na hawa ni wageni?" nikauliza.

"Hapana. Hawa nao ni wenyeji, wachache wao wapo siku zote. Wale wa vijiti wakihama, hawa hujaza nyumba." Akamgeukia mwanamke aliyekuwa akisubiri nyuma ya pazia, akamuuliza, "Mama, unajiosha ndani?"

"Kila siku, Sista!" mwanamke akajibu kwa haraka. "Mimi si mchafu."

Sista aliniangalia. Alifanya hivyo mara nyingi katika miezi ile, na kila mara nilikuwa nikimwona dada yangu akipita mbele ya benchi.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba ugonjwa ni adui aliyeingia kutoka nje. Katika kioo kile hapakuwa na aliyeingia. Palikuwa na uwiano uliovurugika kati ya waliokuwamo. Kuelewa hilo sikuhitaji kitabu, maana nilikuwa nimeliona kwa macho. Mwaka mmoja baada ya kuhamishwa nilipanda mlimani kuitazama migomba ya babu yako. Hakuna mtu aliyekwenda kuiharibu. Sisi tu tuliokuwa tukiipalilia tulikuwa tumeondolewa, na hilo lilitosha: magugu yalifika kiunoni, ngedere walikuwa wamekaa katika kitovu cha shamba, nguruwe pori wamefukua mizizi. Magugu yale hayakutoka mbali. Yalikuwapo siku zote pembezoni.

Watu hupenda kusema kwamba vijiti vile ni walinzi wa mwanamke. Mimi silipendi neno hilo, kwa kuwa linawapa nia ambayo hawana. Wanakula sukari iliyomo katika ngozi ya ndani, na wanatoa asidi. Asidi hiyo wao wanaivumilia, na wengi wengine hawaivumilii. Basi. Ulinzi ni matokeo tu. Lakini asidi yenyewe unaijua, maana umeinywa tangu ulipoachishwa ziwa: ndiyo inayogandisha maziwa katika kibuyu.

Nadhani hujasahau habari ya kibuyu. Ulikuwa darasa la nne, mwalimu amewafundisha usafi wa vyombo, na redio ya kijiji ilikuwa ikihubiri usafi kila jioni. Ukarudi nyumbani na bidii ya mtu mpya wa dini, ukakichukua kibuyu cha bibi yako cha maziwa, ukakisugua ndani kwa sabuni na mchanga mpaka kikanuka sabuni tu. Bibi akatia maziwa kama kawaida. Asubuhi yake hayakuganda. Yalioza, yakawa na utelezi na uvundo. Bibi alisimama mlangoni na kibuyu mkononi.

"Nani ameniulia kibuyu?"

"Nimekiosha, bibi. Kilikuwa kinanuka uchachu."

"Na ulitaka kinuke nini, sabuni? Wewe kunywa basi sabuni!"

Nilicheka nikiwa nimekaa kizingitini, nikakutetea. Nikamwambia mama yangu kwamba mtoto amefundishwa vizuri. Kibuyu kile kilihitaji kusuuzwa kwa maji, kufukizwa moshi na kupewa maziwa mapya mara nyingi kabla hakijarudia hali yake. Bibi alikisubiri kwa uvumilivu, bila kukiongezea dawa. Yote niliyokuja kuyaona katika hadubini yalikuwa yamewekwa mbele yangu asubuhi ile, nami nilikuwa nikicheka. Na ndio mwaka ule ule niliompa dada yangu kichupa cha pili.

Sitaki uelewe kwamba bibi zetu walijua kila kitu na sisi wa vitabu tukaharibu. Si kweli, na ni uvivu kusema hivyo. Ni kweli kwamba huku kwetu, kabla ya zahanati, mwanamke mwenye maji hakuonewa aibu. Mashangazi waliyasifu, na waume pia, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Ni kweli pia kwamba mashangazi hao hao waliwapa wasichana majani ya kujiwekea ndani, na baadhi ya majani hayo yaliwaunguza, nimewatibu. Wala si kila aliyejiosha nilimwona ameharibikiwa. Wapo waliojiosha miaka na vijiti vyao vipo, na wapo ambao hawakujiosha kamwe na nukta zimejaa. Sijui kwa nini. Kuosha kunavuruga, lakini si kuosha peke yake.

Wala siwezi kukuambia kwamba kichupa changu ndicho kilichomnyima Skolastika watoto. Alikuwa hajapata mtoto kabla hajaja kwangu. Ninajua kwamba mahali palipoondolewa asidi ni rahisi maradhi mengine kupanda juu, kwenye mji wa mimba na mirija yake, na kuacha makovu. Ninajua kwamba baadaye alipata maumivu ya tumbo na homa. Nikiyaunganisha hayo ninapata mstari ulionyooka, na mistari iliyonyooka hunitia shaka. Ninachoweza kusema bila shaka ni kidogo: alikuja akiwa, pengine, mzima, na swali, nikamrudisha akiwa na jina. Jina lile ndilo lililotengewa ndoo.

Leo mchana, wakati wewe na wenzako mlipokuwa mkisukwa nywele uani, shangazi yako alifika. Hakuna aliyemtarajia. Alipita njia ya nyuma, ya mihogo, akaingia jikoni kwa mama yako. Mimi nilikuwa chumba cha pili na karatasi hizi mbele yangu.

"Shikamoo, wifi," nilisikia mama yako akisema, maana Skolastika amemzidi umri.

"Marahaba. Yuko wapi mganga wenu?"

"Anaandika. Tangu asubuhi. Ameshachana karatasi kama mwanafunzi wa mtihani."

"Anaandika nini?"

"Yale ambayo ungemwambia mtoto wewe, ungekuja."

"Si nimekuja?"

Akatokea mlangoni. Sijui kama umewahi kumtazama vizuri. Amekonda, lakini bado anasimama kama baba yetu alivyosimama, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa amebeba kibuyu kipya kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Kaka, unamwandikia kwa Kiswahili?"

"Ndicho tunachoandikia."

"Basi angalia neno lako lile lisiingie humo."

"Limeingia. Ndilo la kwanza."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka nyumbani kwangu tangu siku ya sanduku. "Veneranda ameomba kichupa, wifi kaniambia. Umempa?"

"Sijampa."

"Mimi nilikuwa safi kabla hujanisafisha," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayenirekebishia hesabu. "Mwambie hivyo. Ukiona aibu kuandika, andika kwamba nimesema mimi."

Nimeandika. Nikamuuliza kama atakaa nawe leo katika chumba cha ndani. Akasema hapana, wanawake watanong'ona, na watu wa Nyantakara wakisikia kwamba bibi harusi amefundwa na mwanamke aliyerudishwa, wataanza kumsikiliza alfajiri. Mama yako akamwambia anajitia unyonge bure. "Wewe, wifi, umefundwa na nani?" Skolastika akamuuliza. "Na mama yako mzazi," mama yako akajibu, "na majani yake yaliniwasha mwezi mzima, sikumwambia mtu mpaka leo." Wakacheka wote wawili mpaka mama yako akalazimika kukaa. Mimi mwenye koti jeupe sikuwa nimeambiwa hilo katika miaka yote ya ndoa yetu.

Kibuyu kile ni chako. Kimeshafukizwa. Ameniomba nikukumbushe tu kwamba hakisuguliwi. Nikamwambia hilo unalijua.

Kuhusu hali yako yenyewe, nitasema kwa kifupi, maana ulichomweleza mama yako alipokudadisi zaidi kinatosha kwangu kupima. Majimaji uliyoyataja, mepesi, yanayovutika kama ute wa yai katikati ya mwezi na kuwa meupe zaidi baadaye, bila mwasho, bila harufu mbaya, si ugonjwa. Hayajawahi kuwa ugonjwa. Ni nyumba iliyo na wenyewe. Nje osha kwa maji; ndani paache. Siku hizi sabuni ni ya kupanga foleni, na huenda hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona katika uhaba huu. Rangi ikibadilika, ikiingia harufu ile niliyoieleza, mwasho, maumivu chini ya kitovu au homa, usijitibu. Nenda ukaonwe, na yule atakayekuona amwangalie kwanza mgonjwa kabla hajamtafutia jina. Ukieleza, eleza kwa neno la kitu chenyewe, kwa Kihangaza au kwa Kisubi cha huko, au kwa Kiswahili sema maji, au ute. Kama anayeandika ataandika lile neno lingine, mwache aandike, lakini wewe usilibebe kwenda nalo nyumbani.

Mama mkwe wako atakupa majani. Ninasema atakupa kwa kuwa ninaijua Nyantakara, na kwa kuwa atafanya hivyo kwa upendo. Usigombane naye. Mwambie baba yako ni mganga na amekataza. Cheo changu kimetumika kufunga vinywa katika mambo mengi yasiyofaa. Mara hii kitumie.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nichane zile karatasi ambazo mama yako amezihesabu kwa jicho.

Baada ya kumrudisha dada yangu, Bonifasi alioa tena. Mke wake mpya alikuwa msichana wa Keza huku huku kwetu, mwenye afya, ambaye Mama Felista alikuwa amemwona mara mbili kabla ya ndoa na hakuona kasoro. Haukupita muda mrefu akaja zahanati na harufu ile ile ya dagaa. Sikuwa na hadubini, lakini wakati huo nilikuwa nimeshatoka Biharamulo na nilijua ninachokisikia. Nikamuuliza kama anajiosha ndani. Akaangalia chini, akasema mama mkwe alimpa mabaki ya vipunje vya zambarau yaliyoachwa na mke wa kwanza, na kwamba amevitumia, lakini mara chache.

Hapo ndipo hoja yangu inapogawanyika, nami sijaweza kuiunganisha. Labda ni kichupa changu tena, kikiwa mikononi mwa mwanamke wa pili. Inawezekana kabisa. Lakini mara chache ni mara chache, na harufu ilikuwa imekomaa. Labda basi ni Bonifasi. Si kisonono, nilimtazama, kwa shida, baada ya kumbembeleza, na hakuwa na dalili yoyote. "Mimi mzima, Ndugu Mganga," aliniambia huku akifunga mkanda. "Wanawake ndio wenye mambo." Vitabu nilivyonavyo vinakubaliana naye. Vinamzungumzia mwanamume kama njia, kama barabara ambayo kitu hupita au hakipiti, kana kwamba yeye mwenyewe hana wenyeji wake. Mimi sioni sababu ya kuamini hivyo. Ngozi ni ngozi, joto ni joto, na sijaona mahali penye unyevu pasipo na wakazi.

Simeoni ni kijana mwema. Alikwenda vitani na mgambo na amerudi na miguu yote miwili na adabu zake zote, na mbele yangu hukaa kwenye ukingo wa kiti. Alipokuja kujitambulisha nilikuwa na nafasi ya kumwomba aje zahanati siku moja, mimi na yeye, niseme naye na nimwangalie. Nilifungua kinywa, nikamuuliza habari ya mvua za huko kwao. Kwa hiyo hilo nalo nimekuachia wewe, na ni zito kuliko kichupa. Ukiugua, usiende zahanati peke yako. Mwombe aje aketi ndani, si kwenye benchi, asikie anayosikia mwenye ugonjwa na aulizwe yanayoulizwa.

Nje wameanza kuimba, na mama yako ananiita nije kuwapokea wageni waliotangulia. Skolastika bado yuko jikoni. Anasema ataondoka kabla ya giza, lakini ameshafunga kanga ya kupikia, na mimi namfahamu. Utakapokuja kututembelea, pita kwake Kibimba ukamsalimie, na usimuulize lolote. Atakachosema atakisema kwa Kihangaza, na kitakuwa sahihi kuliko changu.

Nami, baba yako, nitaendelea kukaa katika meza ile ile, mlango sasa una ubao, na nitaendelea kuwauliza wanawake kama wanajiosha. Lakini kila ninapouliza, mume yuko nje, na swali langu linaishia kwa aliye mbele yangu. Kama wakazi hawa ninaowaeleza wanaishi pia katika mwili wa mwanamume, kimya, bila harufu wala maumivu, naye akawa anawapeleka na kuwapokea bila kujua, basi wakati ule Skolastika alipobeba sanduku lake kichwani, ni nani hasa aliyekuwa mgonjwa katika nyumba ile?